Skeli ya Noti Tano

Neno pentatoniki limetoka Kigiriki: pente ni tano, tonos ni sauti. Skeli ya pentatoniki hupita noti tano kabla ya kuirudia ile ya kuanzia, safari hii kwa sauti ya juu zaidi. Kiswahili kinaibeba maana hiyo bila taabu: skeli ya noti tano. Wapo wanaopendelea ngazi, nao hawakosei, kwa kuwa scala ya Kitaliano ni ngazi hasa. Mimi nashika skeli kwa sababu ndilo neno nilisikialo wapiga gitaa wakilitumia mazoezini.

Hata hivyo, tano ni hesabu tu. Haitaji ni noti zipi. Huko Ethiopia, skeli iitwayo anchihoye ina noti tano, lakini baadhi yake zimeachana kwa nusu toni. Skeli ya amadinda, marimba ya Buganda, nayo ina noti tano, zilizogawanywa kwa nafasi zinazokaribia kulingana, na freti za gitaa la kawaida haziwezi kuzitoa sawasawa. Zote mbili ni pentatoniki. Kwa hiyo mwalimu wa gitaa akitamka skeli ya noti tano, ni vyema aongeze meja au maina, kwa kuwa hizo ndizo anazozikusudia.

Aliyeimba kwaya kwa solfa ameshazijua. Ondoa fa na ti, zinabaki do, re, mi, so, la. Mbili hizo hazikuondolewa ovyo. Nusu toni za skeli ya kawaida zipo kati ya mi na fa, na kati ya ti na do. Tena fa na ti zikilia pamoja hukwaruzana. Zikitoka, noti zilizobaki zinapatana kwa urahisi na kodi nyingi za wimbo, ndiyo maana anayeanza kupiga solo hufundishwa skeli hii mapema. Ukiifanya do kuwa makao, una meja. Ukiifanya la kuwa makao, una maina. Noti ni zilezile.

Kwenye shingo ya gitaa inaingia tano nyingine, na hapa wengi huchanganyikiwa. Skeli hii hufundishwa kwa maumbo matano ya vidole, na mwanafunzi hudhani amepewa skeli tano. Sivyo. Ni noti zilezile tano, zikishikwa sehemu tano za shingo.

Tuchukue A maina, ambayo do yake ni C. Umbo linalojulikana zaidi linaanzia freti ya 5. Uzi wa sita, ule mnene, una la kwenye freti ya 5 na do kwenye ya 8. Uzi wa tano una re na mi, freti ya 5 na ya 7. Wa nne, freti zilezile, una so na la. Wa tatu, do na re. Wa pili una mi kwenye freti ya 5 na so kwenye ya 8, na wa kwanza unarudia la na do. Umbo linalofuata kuelekea juu linaanza pale hili linapoishia: ile do ya freti ya 8 sasa ndiyo noti ya kwanza ya uzi wa sita, na re inafuata kwenye ya 10. Kila umbo linaazima nusu ya noti zake kwa jirani.

Anayekariri namba za freti peke yake hukwama kati ya umbo na umbo. Ninachosisitiza ni kuimba majina ya solfa wakati wa kupiga, na kuanza na uzi mmoja kabla ya maumbo. Uzi wa kwanza ukiwa wazi ni mi. Freti ya 3 ni so, ya 5 la, ya 8 do, ya 10 re, na ya 12 mi tena. Sikio likishazoea mwendo huo, kidole hakitafuti umbo, kinatafuta noti.

Mwimbaji akitaka B maina, sogeza kila kitu freti mbili kuelekea juu: la ihamie freti ya 7, do freti ya 10, na majina ya solfa yabaki yalivyo.