Negativu Zilizobaki Rafuni: Mpigapicha wa Studio na Harusi kutoka Pwani hadi Bandari ya Bujumbura

Mteja alipolipa na kuondoka na picha yake, mpigapicha alibaki na negativu. Aliitia katika bahasha, akaandika namba, akaiweka rafuni pamoja na nyingine, ili siku mteja akirejea kutaka nakala ya pili asianze upya. Desturi hii ndogo ya biashara iliendeshwa katika miji ya Afrika Mashariki tangu enzi ya vioo hadi kamera ya dijitali ilipoingia, nayo ikazaa hazina ambayo haikukusudiwa na mtu yeyote. Nyaraka za serikali zimehifadhi sura za magavana, machifu na wageni rasmi. Sura za makarani, mabaharia, wachuuzi, bibi harusi na watoto wao wa kwanza zimo rafuni mwa mpigapicha. Makala haya yanashikilia kwamba hazina hiyo iko hatarini kwa sababu sheria za kanda zimemfikiria mpigaji na, hivi karibuni, mpigwaji, lakini hazijaifikiria rafu yenyewe. Hoja inafuatwa kutoka pwani, ambako kazi hii ilianza na ambako imeandikwa zaidi, hadi Bujumbura, mwisho wa njia ya biashara iliyounganisha Bahari ya Hindi na kaskazini mwa Ziwa Tanganyika.

Fani na njia zake

Studio ya A. C. Gomes, Mgoa, ilikuwapo Unguja tangu mwishoni mwa miaka ya 1860. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe, na studio hiyo, iliyorithiwa na mwanawe, ilipiga picha za shughuli za Sultani na baadaye za serikali ya Mapinduzi ya 1964. Mombasa, N. V. Parekh alifungua studio yake mwaka 1942, na familia za Waswahili, Wahindi na Waarabu zikawa wateja wake. Lamu, Omar Said Bakor alijifundisha mwenyewe na kuunganisha negativu mbili au zaidi katika picha moja. Heike Behrend, katika kitabu chake cha 2013 kuhusu upigaji picha wa pwani, ameonyesha jinsi watu hao walivyojenga lugha ya kuonekana inayolingana na mji wa Kiislamu wa pwani. Vitabu vya namna hiyo, hata hivyo, huishia pwani, ilhali bidhaa na maneno ya kazi havikuishia huko.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Kwa mkataba wa 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji, Wabelgiji walipewa maeneo yao ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, ndiyo yaliyojulikana kama Belbase, na shehena za Kongo ya mashariki na Ruanda-Urundi zikapita humo, zikavuka ziwa hadi gati la Usumbura, jina la Bujumbura kabla ya uhuru wa 1962. Mji huo, uliokuwa kituo cha kijeshi cha Wajerumani tangu 1897, ulikuwa na wakazi Waswahili waliotangulia forodha na reli. Buyenzi, mtaa wao mkuu, hadi leo husikika Kiswahili kabla ya Kifaransa. Anayetaka kuelewa kwa nini harusi ya Buyenzi inafanana na ya Ujiji kuliko ya Gitega hana budi kuanzia kwenye njia hiyo ya maji na reli.

Maneno ya kazi

Msamiati nao unaonyesha njia mbili zilizokutana ziwani. Kiswahili cha pwani kilikuwa na taswira na sanamu kabla ya kamera, lakini mafundi na wateja walilichukua neno la Kiingereza wakasema picha. Upande wa Wabelgiji lilikuja neno la Kifaransa, ndiyo maana Kiswahili cha Kongo na cha Bujumbura kina foto, nacho Kirundi kina kitenzi kizima, gufotora. Kilichobaki kilekile pande zote ni kupiga. Kitenzi hiki kilikwisha kubeba pasi, chapa na hodi. Kamera ilipofika ilipewa kiti kilichokuwa tayari.

Neno lenye maarifa zaidi ni kusafisha. Kamusi za kitaaluma zinaweza kupendekeza istilahi nyingine, lakini mteja wa mjini aliuliza, na wengine bado huuliza, picha zitasafishwa lini. Hakukosea. Kazi ya chumba cha giza ilikuwa kazi ya maji: filamu iliingizwa katika dawa ya kwanza, ikaoshwa, ikaingizwa katika dawa ya kuthibitisha, ikaoshwa tena kwa muda mrefu zaidi, kisha ikaanikwa. Aliyeharakisha kuosha aliacha mabaki ya dawa, na picha ikageuka rangi ya manjano miaka kadhaa baadaye, wakati mwenye studio hayupo tena kulaumiwa.

Maji ya nchi za joto yalikuwa adui. Maelekezo ya viwandani yalikadiriwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Katika mji wa kando ya ziwa au bahari maji ya bombani huwa na joto zaidi ya hapo kwa sehemu kubwa ya mwaka, na utando wa jelatini ulio juu ya filamu hulainika, hata hukunjamana na kubanduka. Tiba yake ilikuwa kufanya kazi usiku, kutafuta barafu, au kuongeza dawa ya kukaza utando. Haya hayaonekani katika picha iliyotundikwa sebuleni, lakini ndiyo yaliyotenganisha fundi na mwenye kamera tu.

Picha kumi na mbili za harusi

Kamera iliyotumiwa sana na studio za katikati ya karne ya ishirini ilichukua filamu ya namba 120, ambayo kwa picha za mraba hutoa kumi na mbili. Harusi nzima ilipaswa kuingia humo, au katika filamu mbili ikiwa baba wa bibi harusi ana uwezo. Kwa hiyo mpigapicha hakuifuata harusi, aliipanga. Alijua kabla ya kuondoka nyumbani kwamba moja ni ya bwana na bibi peke yao, moja na wazazi wa kike, moja na wa kiume, moja ya mashahidi, moja ya kundi lote, na kwamba atabakiza mbili kwa shangazi atakayefika amechelewa na kukasirika akikosekana. Hesabu hiyo ilimfanya awe mtu wa itifaki. Nani asimame karibu na nani, nani aketi, nani asionekane kabisa: maswali haya yaliamuliwa kwa sauti yake, mbele ya watu wanaomzidi umri na hadhi, nao wakamtii kwa dakika kumi.

Kazi iliendelea baada ya shughuli. Negativu ya uso ilirekebishwa kwa penseli iliyochongwa ikawa kama sindano. Alama za ndui zilifichwa, makunyanzi yakapunguzwa. Wapo watafiti wanaoiona kazi hiyo kama uongo. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Mteja hakuomba ushahidi wa kimahakama. Aliomba asitiriwe, na kusitiri ni sehemu ya adabu ya harusi tangu kuchumbiana hadi fungate.

Kwa harusi ya Waislamu palikuwa na mpaka mwingine. Katika miji ya pwani, siku ya kupamba bibi harusi huonyeshwa mbele ya wanawake walioacha mabuibui mlangoni, na mwanamume mwenye kamera hana nafasi hapo. Mpigapicha mwanamume alimpata bibi harusi studio, kabla au baada, akiwa na jamaa zake. Kuanzia enzi ya kaseti za video, nafasi hiyo ya ndani ilichukuliwa na wanawake wapigapicha, na simu za wageni zilipoenea, familia nyingi zimekuwa zikizikusanya mlangoni. Jambo hili si la kale lililokwisha. Linaamua leo ni picha zipi za wanawake zinaweza kuwekwa hadharani na zipi haziwezi, hata zikiwa na umri wa miaka sitini.

Burundi ndoa ina hatua zake: kuomba na mahari baina ya familia, kuandikisha mbele ya ofisa wa hali ya kiraia katika tarafa, ibada, kisha sherehe. Kwa mpigapicha kila hatua ni mahali tofauti, mavazi tofauti na mwanga tofauti. Mwaka 2017 serikali iliwataka watu wanaoishi pamoja bila ndoa halali waihalalishe kabla ya 31 Desemba mwaka huo. Washauri wa sera waliijadili amri hiyo kama suala la maadili na la haki za raia. Ilikuwa pia amri iliyowafikisha mbele ya ofisa wa tarafa watu ambao pengine wasingeingia kamwe katika kumbukumbu yoyote ya ndoa.

Mteja aliyeondoka: serikali

Harusi ilileta sifa, lakini si chakula cha kila siku. Chakula kilitoka katika picha ndogo ya hati. Mkutano wa Paris wa 1920, ulioitishwa chini ya Jumuiya ya Mataifa, uliweka kielelezo cha pasipoti, na picha ya mwenye hati ikawa jambo la kawaida. Haikuwa hivyo kwa kila mtu: kipande cha Kenya, kilichoanza kutekelezwa 1919, kilichukua alama za vidole vya mfanyakazi Mwafrika, si sura yake. Tofauti hiyo inasema mengi kuhusu nani alihesabiwa kuwa na sura. Baada ya uhuru, picha ikahitajika kwa pasipoti, kitambulisho, cheti cha shule na kadi ya chama, na katika mji wa bandari, ambako watu huvuka mpaka kwa ajili ya mzigo au ndugu, foleni ya studio ilikuwa ya uhakika kuliko msimu wa harusi.

Mteja huyo ameondoka kimyakimya. Katika uandikishaji wa kibayometria wa wapigakura, Kenya kwa uchaguzi wa 2013 na Tanzania mwaka 2015, sura ilipigwa na mashine ya mwandikishaji mwenyewe. Vitambulisho vya taifa vimefuata njia hiyo. Serikali haikupiga marufuku studio. Iliacha tu kuihitaji. Hakuna waraka wa sera uliotaja kwamba pamoja na ada hiyo ndogo kulikuwa na kitu kingine kilichodhaminiwa nayo, yaani kodi ya chumba chenye rafu.

Mwenye rafu ni nani

Sheria zipo. Burundi ina sheria ya hakimiliki na haki shirikishi ya 30 Desemba 2005, Tanzania Bara ya 1999, Zanzibar ya 2003 na Kenya ya 2001. Ile ya Kenya inaeleza kwamba kazi iliyoagizwa, pasipo makubaliano mengine, hakimiliki yake huhesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza. Maana yake ni kwamba haki ya picha ya harusi inaweza kuwa ya familia iliyolipa, huku negativu, kitu chenyewe kinachoshikika, ikibaki kwa fundi. Baba akifa na studio ikifungwa, warithi wa fundi wana plastiki wasiyokuwa na haki ya kuichapisha, na warithi wa familia wana haki juu ya kitu wasichojua kilipo. Sheria za kulinda taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zimeongeza ulinzi wa mpigwaji aliye hai. Hakuna kati ya hizo inayomwambia mjane wa mpigapicha apeleke wapi masanduku arobaini.

Wakati huohuo uharibifu una mpangilio wa ajabu kidogo. Filamu nyeusi-na-nyeupe iliyooshwa vizuri mwaka 1960 hudumu kuliko picha ya rangi ya 1985, ambayo rangi zake hufifia zenyewe, na ya rangi hudumu kuliko faili la 2006 lililokuwa katika kompyuta iliyokwisha kuuzwa. Kadiri harusi ilivyo karibu nasi ndivyo kumbukumbu yake ilivyo dhaifu. Bujumbura ina hatari zake za ziada. Soko kuu liliungua 27 Januari 2013. Maji ya Ziwa Tanganyika yamepanda katika miaka ya karibuni hadi kufurika Gatumba na kuingia eneo la bandari. Kabla ya hapo kulikuwa na 1972, 1993 na 2015, miaka ambayo watu walivuka kwenda Tanzania na walichoweza kubeba mkononi. Katika maombi ya kuunganisha familia, picha ya harusi hukubaliwa mara nyingi kama ushahidi wa kuunga mkono pale cheti kilipopotea. Mkimbizi aliyeacha albamu Buyenzi anaweza kuwa bado na negativu yake rafuni kwa mtu.

Kuna mwelekeo wa kutatua haya kwa kupeleka kila kitu mtandaoni. Miradi ya namna hiyo hupendwa na wafadhili kwa sababu hesabu yake ni rahisi: picha kadhaa elfu, miezi kadhaa. Lakini bibi harusi aliyepigwa bila mtandio mwaka 1965 kwa ajili ya sanduku la mamaye hakumruhusu mtu yeyote mwenye simu amtazame. Capital Art Studio huuza nakala za picha za kale kwa wageni wa Mji Mkongwe. Mandhari na sherehe za hadhara haziulizi swali hilo, picha ya chumbani inaliuliza.

Kinachowezekana kwa bei nafuu ni orodha kabla ya nakala. Studio nyingi ziliandika daftari: namba, tarehe, jina, idadi ya nakala, salio. Daftari hilo likinakiliwa, na masanduku yakihamishwa kutoka sakafuni hadi chumba kikavu chini ya mkataba kati ya familia ya mpigapicha na idara ya nyaraka ya nchi husika, mteja au mjukuu wake anaweza kuja na jina na kuonyeshwa picha yake peke yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, ina Kamisheni ya Kiswahili yenye makao Zanzibar. Fomu moja ya mkataba huo kwa Kiswahili, yenye kifungu kuhusu picha za ndani za wanawake na kifungu kuhusu waliokimbia, ingeweza kutumika Lamu, Ujiji na Buyenzi bila kubadilishwa neno, isipokuwa pale itakapobidi kuandika foto badala ya picha.