Kwa nini herufi za kadi yako hubadilika zikifika kwa mchapaji Kariakoo

Wasikilizaji wetu wengi wa mikoani huandaa kadi ya harusi au ya mchango kwenye stesheneri ya karibu, kisha humtumia ndugu aliyeko Dar es Salaam aipeleke Kariakoo ikachapwe. Ikifunguliwa huko, mwandiko ni mwingine na majina yameshuka mstari. Zikichapwa kadi 200 hivyo, ni hasara ya kamati nzima. Tunaeleza chanzo chake na namna ya kujikinga.

Fonti ni nini?
Fonti ni faili lenye maumbo ya herufi za mwandiko mmoja. Kadi iliyoandikwa kwa Word au CorelDRAW kwa kawaida haibebi maumbo hayo, hubeba jina la fonti tu. Kompyuta isiyo na fonti hiyo huweka nyingine badala yake. Upana wa herufi ukitofautiana, mistari huvurugika.

Pia, baadhi ya fonti za mapambo hazina alama ya ng'. Anwani kama Mtaa wa Narung'ombe inaweza kutoka na kisanduku katikati.

Kompyuta ikiwa ya zamani
Wapo wachapaji wanaobaki na Windows XP, iliyotoka 2001, kwa sababu printa na programu zao bado zinafanya kazi. Microsoft iliacha kuihudumia Aprili 2014. Mashine hizo zina kumbukumbu ndogo. Ukiziwekea maelfu ya fonti, huchelewa kuwaka na orodha ya fonti hufunguka polepole.

Dawa yake ni programu ya kusimamia fonti. Miaka ya 1990 ilikuwapo Adobe Type Manager Deluxe. Kwenye XP mtu anaweza kutumia NexusFont. Fonti hukaa kwenye folda ya pembeni kwa mafungu: harusi, misiba, mabango. Fundi huwasha fungu la kazi ya leo, akimaliza hulizima. Mashine hubaki nyepesi. Lakini programu hiyo haileti fonti ambayo duka halina.

Kabla ya kulipa
- Tuma PDF. Kwa kawaida hubeba fonti ndani yake.
- Kwa CorelDRAW, mwombe aliyeitengeneza ageuze herufi kuwa michoro. Maneno hayataweza kuhaririwa tena, kwa hiyo abaki na nakala ya awali.
- Kwenye WhatsApp, tuma kama faili, si kama picha. Picha hupunguzwa ubora.
- Omba kadi moja ya mfano ichapwe kwanza, upigiwe picha. Kagua majina, tarehe, namba za simu na kila neno lenye ng'.
- Ukiridhika, ndipo useme zichapwe zote.