Daniel Ludwig, tajiri asiyetaka kujulikana

Mwaka 1982 gazeti la Marekani liitwalo Forbes lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya matajiri 400 wa nchi ile. Aliyewekwa juu ya wote alikuwa mzee wa miaka 85, Daniel Keith Ludwig, na mali yake ilikadiriwa kuwa dola milioni 2,000. Wengi waliosoma jina lile waliulizana: Huyu naye ni nani? Ford walimjua kwa motokaa zake, Rockefeller walimjua kwa petroli. Lakini jina la Ludwig halikuandikwa juu ya motokaa wala juu ya duka. Alikuwa amefanya kazi zaidi ya miaka 60, katika nchi nyingi, bila kupenda kuonekana.

Alizaliwa tarehe 24 Juni 1897 huko South Haven, mji mdogo wa bandari kando ya ziwa Michigan. Husimuliwa kwamba akiwa na miaka 9 alinunua mashua iliyozama, akaiopoa, akaitengeneza miezi ya baridi, na kiangazi akaikodisha. Watu hupenda kuwapa matajiri utoto wa namna hiyo, na mimi hadithi za namna hiyo huzipokea kwa uangalifu. Lakini hii inafanana naye sana. Shule aliiacha baada ya mwaka wa 8. Alipokuwa kijana wa miaka 19 alikopa dola 5,000, baba yake akamdhamini, naye akanunua merikebu kuukuu, akaigeuza kuwa tishali la kuchukulia molasi katika maziwa makubwa ya kule. Mwaka 1926 merikebu yake ya petroli ililipuka. Aliumia mgongo, na maumivu yale akakaa nayo miaka mingi.

Werevu wake ulionekana hasa miaka ya 1930, wakati wa shida kubwa ya feza ulimwenguni. Ludwig hakuwa na mtaji wa kujenga merikebu kubwa. Akafanya hivi: alikwenda kwanza kwa kampuni ya petroli, akapata mkataba wa kuwachukulia petroli yao kwa miaka kadhaa, kisha akabeba mkataba ule mpaka benki, akauweka rehani, akakopeshwa feza za merikebu ambayo ilikuwa haijajengwa bado. Ni sawa na mtu asiye na lori kwenda kwa mwenye kiwanda cha sukari, waandikiane kwamba atamchukulia mifuko yake miaka 5, halafu karatasi ile impatie lori benki. Kampuni ya petroli ililipa kodi moja kwa moja kwa benki, deni likaisha, merikebu ikabaki mali ya Ludwig. Leo wenye merikebu wengi hufanya vivyo hivyo, lakini wakati ule njia hiyo ilikuwa mpya.

Tena alijenga mwenyewe. Huko Norfolk, katika Virginia, mafundi wake waliunga mabati ya chuma kwa moto badala ya kuyapigilia misumari mizito, na hivyo merikebu ikawa nyepesi na ya bei ndogo. Baada ya vita alikwenda Japani. Katika mji wa Kure palikuwa na gati kubwa ambapo serikali ya Japani ilijenga Yamato, manowari kubwa kuliko zote, iliyozamishwa mwaka 1945. Gati lilikuwa limelala tu, na mafundi hodari walikuwa hawana kazi. Mwaka 1951 Ludwig alilikodi. Hapo alijenga Universe Apollo, merikebu ya kwanza duniani kupita tani 100,000 za mzigo. Na mwaka 1968 merikebu yake nyingine, Universe Ireland, ikapita tani 300,000.

Katika merikebu zake hapakuwa na mapambo. Alitaka kila kipande cha chuma kibebe mzigo au kishikilie kinachobeba mzigo. Yeye mwenyewe aliishi hivyo: alikwenda ofisini mjini New York kwa miguu, amevaa koti la kawaida, na waandishi wa magazeti aliwakimbia. Mwandishi mmoja, Jerry Shields, alipochapisha kitabu juu ya maisha yake mwaka 1986, alimwita tajiri asiyeonekana. Nami sioni kosa katika hilo. Mtu anaweza kukaa kimya kwa unyofu, na kazi ya merikebu haimdai mwenyewe kupiga kelele. Chuma hupimwa, bahari ina ramani, na mtu mmoja mwenye akili anaweza kuyashika yote kichwani mwake.

Lakini mwaka 1967, akikaribia miaka 70, Ludwig aliingia katika kazi ya namna nyingine. Aliona kwamba siku zijazo dunia itapungukiwa na karatasi. Basi akanunua nchi katika Brazili, kando ya mto Jari unaoingia mto Amazon: zaidi ya hektari milioni 1 za msitu, kwa dola milioni 3 hivi. Serikali ya kijeshi ya Brazili ilimkaribisha. Shauri lake lilikuwa kufyeka msitu na kupanda mti mmoja uitwao gmelina, ambao asili yake ni Asia, na ambao watu wake waliuona ukikua upesi sana huko Nijeria.

Msomaji aliyelima katika misitu yetu ya Ituri au Maniema anaweza kubahatisha lililofuata. Ludwig alileta mashini nzito za kusukuma miti na mizizi. Mashini zile zilikwangua udongo mwembamba wa juu, ambao ndio wenye rutuba, na uliobaki zikaukandamiza ukawa mgumu. Ilibidi kuziacha, na kufyeka kwa misumeno na mikono ya watu. Tena gmelina yenyewe ilikataa kukua mahali penye mchanga, na sehemu nyingi za Jari zina mchanga. Wakapanda misonobari, na baadaye mikalitusi. Wakulima wa nchi ile wangeweza kumwambia mengi juu ya udongo wao. Lakini katika kazi ya Jari amri zilitoka juu tu. Wakurugenzi walibadilishwa mara kwa mara, na mwenye mali alikuwa mbali, akija na kuondoka kwa ndege.

Na watu je? Maelfu ya wafanyakazi walitoka sehemu maskini za Brazili, wakiandikwa na mawakala waliowapeleka msituni kufyeka. Malaria iliwashika wengi. Wakubwa na mafundi walijengewa mji mzuri, Monte Dourado, wenye nyumba safi, shule na hospitali. Wengine, na wale waliofuata kutafuta riziki, walijenga vibanda vya mbao juu ya nguzo, ng'ambo ya mto, maji machafu yakipita chini ya sakafu zao. Mahali pale paliitwa Beiradão. Magazeti ya Brazili yalianza kuuliza ni nini kinachofanyika katika nchi ile kubwa iliyo mkononi mwa mgeni mmoja, na kwa kuwa mgeni hakujibu, uvumi ulijibu kwa niaba yake. Naona ukimya uliomfaa baharini ulimdhuru hapa. Mwenye kuajiri maelfu ya watu katika nchi yao hawezi kudai aachwe kama mtu wa faragha.

Mwaka 1978 alifanya jambo ambalo hata adui zake walilistaajabia. Kiwanda kizima cha kusaga miti iwe rojo la kutengenezea karatasi, pamoja na kiwanda cha umeme wake, vilijengwa Kure juu ya majukwaa 2 yanayoelea. Merikebu zikayakokota kupita Bahari ya Hindi, zikaizunguka Afrika kusini kwenye Rasi ya Tumaini Jema, zikavuka Atlantiki, zikapanda mto mpaka Jari. Safari ilichukua miezi 3 hivi. Kiwanda kiliwekwa juu ya maelfu ya nguzo za mti mgumu, na nguvu yake ilikuwa tani 750 kwa siku. Kilifanya kazi vizuri. Kilichokosekana ni miti ya kukilisha.

Ludwig aliomba serikali ichukue gharama za shule na hospitali, na imhakikishie hati za nchi yake, ambazo mipaka yake ilibishaniwa. Hakuridhishwa. Mwanzo wa mwaka 1982 aliwaachia kazi ile matajiri wa Brazili, wakiongozwa na Augusto Trajano de Azevedo Antunes. Alikuwa ametumia karibu dola milioni 1,000. Katika yote aliyoyaanzisha pale, lililoleta faida mapema ni udongo mweupe uitwao kaolini, uliochimbwa huko huko.

Mali iliyobaki ilikuwa na njia nyingine. Tangu mwaka 1971 alikuwa ameanzisha huko Zürich, Uswisi, taasisi ya kuchunguza ugonjwa wa kansa, na mali zake za nje ya Marekani alizielekeza huko. Alikufa New York tarehe 27 Agosti 1992, mwenye miaka 95, na urithi wake ukasaidia pia vyuo na hospitali 6 za Marekani katika kazi hiyo hiyo. Hapo jina lake limeandikwa mlangoni.

Beiradão haikubomolewa. Mwaka 1987 ilipata kuwa makao ya wilaya yake yenyewe, Laranjal do Jari, na wakaaji wake leo ni wengi kuliko wale wa Monte Dourado, ng'ambo ya mto.