Mbegu, Nafasi na Ukubwa wa Kiazi: Mashamba ya Ayalandi, 1845–1848

Historia ya njaa kuu ya Ayalandi huandikwa mara nyingi kama historia ya ugonjwa. Bakajani chelewa iliharibu sehemu ya mavuno ya viazi mviringo mwaka 1845 na karibu mavuno yote ya 1846. Hata hivyo, mwaka 1847 ugonjwa ulikuwa hafifu na ekari zilizopandwa zilizaa vizuri, ilhali vifo viliongezeka. Kinachodai maelezo hapa ni uchache wa mashamba: eneo la viazi lilishuka kutoka takriban ekari milioni 2 hadi ekari 284,000 hivi. Sehemu kubwa ya jibu imo katika kiasi cha mbegu ambacho kila ekari ilikihitaji.

Mbegu ya kiazi ni chakula chenyewe. Shamba lenye mmea mmoja kila sentimita 30, katika safu zilizoachana sentimita 75, hubeba mimea 44,000 hivi kwa hekta. Kwa mbegu za gramu 50, mkulima hufukia tani 2.2 za chakula. Akipunguza nafasi hadi sentimita 20, hufukia tani 3.3. Mavuno hayaongezeki kwa uwiano huo. Hupanda mwanzoni, kisha hutulia, kwa kuwa mimea iliyosongamana hunyang'anyana mwanga, maji na rutuba. Idadi ya viazi huzidi, lakini kila kimoja hupungua ukubwa. Mwaka 1965 mtafiti Mwingereza J. K. A. Bleasdale alihoji kuwa msongamano upimwe kwa mashina yanayochipua, kwani kiazi kimoja chenye macho mengi hutoa mashina kadhaa. Hoja hiyo yafaa pia kwa mwanahistoria: idadi ya vipande vilivyopandwa haitoshi kueleza msongamano wa shamba la zamani.

Wapangaji maskini wa Ayalandi walilima kwa sepetu. Walitandaza samadi, au mwani kwa waliokaa pwani, wakapanga vipande vya viazi juu yake, kisha wakavifunika kwa udongo uliochimbwa kutoka mifereji ya kandoni. Tuta lilikuwa pana, na mifereji ilimeza sehemu kubwa ya ardhi. Kwa hiyo msongamano ndani ya tuta ulikuwa mkubwa kuliko ule unaopatikana kwa kugawa mbegu kwa ekari nzima. Walinganishao mavuno ya matuta hayo na ya safu za jembe la kukokotwa husahau jambo hili mara nyingi.

Mpangaji huyo hakuwa na sababu kubwa ya kuogopa viazi vidogo. Hakulimia soko lililochagua ukubwa. Aina ya Lumper, iliyoenea tangu mwanzoni mwa karne ya 19, ilithaminiwa kwa uzazi wake hata katika udongo duni. Ladha yake haikusifiwa. Vikubwa vililiwa, na vidogo vilimfaa nguruwe, ambaye mauzo yake yalilipa kodi ya ardhi. Katika uchumi wa namna hiyo uzito wa jumla ulikuwa na maana kuliko umbo, na mbegu nyingi haikuonekana kuwa gharama, maadamu mavuno ya mwaka uliotangulia yalikuwa ghalani.

Mwaka 1846 yalioza. Katika majira ya kuchipua ya 1847, kaya iliyobaki na viazi vichache ilikabiliwa na hesabu ngumu: kuvila au kuvifukia na kungoja miezi kadhaa. Kuikata mbegu vipande vidogo, kila kimoja na jicho lake, kuliongeza eneo lililopandika. Lakini kipande kidogo hulisha chipukizi kwa muda mfupi na huoza upesi katika udongo wenye maji. Kupanda kwa nafasi kubwa kungeokoa mbegu na kukuza viazi vikubwa zaidi, ila kungepunguza uzito wa mavuno kwa ekari. Wengi hawakuwa na hata mbegu ya kukata.

Mavuno mazuri ya 1847 yaliwatia watu moyo. Mwaka 1848 eneo lililopandwa lilizidi maradufu ya lile la mwaka uliotangulia, na baadhi ya kaya ziliuza mali zilizobaki ili zipate mbegu. Kiangazi cha mwaka huo kilikuwa na mvua nyingi, na bakajani ikarudi.