Mahakama ya kuigiza na manufaa yake kwa wakazi wa bara ya Mombasa

MAHAKAMA ya kuigiza ni kesi ya kubuni inayosikilizwa hadharani kwa kufuata taratibu zile zile za mahakama halisi. Wanafunzi au wakazi wa mtaa hugawana nafasi za hakimu, kiongozi wa mashtaka, wakili wa utetezi, karani, mashahidi na mshtakiwa. Haifanani na tamthilia ya kawaida kwa kuwa hukumu haiandikwi mapema, bali hutegemea ushahidi utakaotolewa siku hiyo.

Wakenya wengi waliijua sura ya mahakama kupitia Vioja Mahakamani, kipindi cha vichekesho kilichopeperushwa kwa miaka mingi na KBC. Kiliwazoesha watazamaji kizimba na maswali ya kiongozi wa mashtaka, ijapokuwa hakimu wa kweli asingestahimili hata nusu ya vituko vile. Vyuo vikuu navyo vina mashindano yao, yakiwemo yale ya haki za binadamu barani Afrika yaliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Pretoria mwaka wa 1992. Huko hubishaniwa hoja za kisheria pekee, bila mashahidi.

Kwa Likoni, Kisauni na Changamwe, jambo hili si la kujifurahisha tu. Mkazi wa Likoni huvuka kwa feri kwenda mahakama za kisiwani, wa Changamwe hupitia Makupa, na wa Kisauni aghalabu huelekea Shanzu. Wengi hufika huko kwa mara ya kwanza jamaa yao akiwa tayari korokoroni, hasa baada ya misako ya polisi dhidi ya magenge ya vijana. Wakati huo hakuna wa kuwafunza.

Tuchukue kesi nyepesi: kijana anashtakiwa kwa kuiba simu ndani ya matatu, kosa ambalo adhabu yake chini ya kifungu cha 275 cha Kanuni ya Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 3. Mwalimu mwenye haraka huruka usomaji wa mashtaka ili afike kwenye mabishano ya mawakili. Hapo hukosea sana. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka wa 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliagiza kwamba mashtaka yasomwe na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, na jibu lake linakiliwe kwa maneno yake mwenyewe. Akikiri, asomewe maelezo ya kisa, naye aulizwe kama anayakubali. Akiyapinga, ungamo lake hubadilishwa kuwa la kukana.

Wapo vijana wanaotamka “ni kweli” wakidhani watatozwa faini na kurudi nyumbani jioni. Kumbe kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai humzuia aliyekiri kukata rufaa, isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Onyesho hili lichezwe mara mbili, mshtakiwa akikiri na kisha akikana, ili hadhira ione njia hizo zinavyoachana.

Akikana, upande wa mashtaka hutangulia, na kila shahidi wake huhojiwa na utetezi. Ushahidi ukiwa hafifu, hakimu huamua kwamba mshtakiwa hana kesi ya kujibu na kumwachilia. La sivyo, mshtakiwa ana hiari ya kutoa ushahidi kwa kiapo, kujieleza bila kiapo, au kunyamaza.

Wanafunzi waliokolea filamu za Marekani hutaka baraza la watu 12 la kuamua hatia. Kenya haina baraza la aina hiyo. Hata wazee wa baraza, waliokuwa wakimshauri jaji katika kesi za mauaji, waliondolewa mwaka wa 2007. Wala hakuna haja ya kung'ang'ania Kiingereza, kwani sheria huruhusu Kiswahili katika mahakama za chini.

Iwapo mshtakiwa wa kubuni ni mtoto, ikumbukwe kuwa Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na Katiba inataka mtoto anayezuiliwa atenganishwe na watu wazima.

Bila shaka mtu atauliza kuhusu kadhi. Kifungu cha 170 cha Katiba humpa mamlaka juu ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale wahusika wote ni Waislamu na wameikubali mahakama yake. Wizi wa simu haumhusu. Fundi wa Magongo anayedai ujira wake naye ana Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kikomo chake ni Sh1,000,000.

Hakimu wa kuigiza asome sababu za hukumu yake kwa sauti, kisha amweleze aliyepatikana na hatia kwamba ana siku 14 za kukata rufaa.