Mkanda wa Nyonga: Kutoka Mkaja Hadi Leo

Leo tuzungumze juu ya yale maumivu ya nyonga yanayokushika ukipanda matatu ya Kawangware, ukijigeuza kitandani, au ukisimama kwa mguu mmoja kuvaa nguo. Wengi huambiwa, "Ni mimba tu, vumilia." Usikubali neno hilo upesi.

Kujifunga kitambaa si jambo geni kwetu. Wanawake wa Pwani tangu zamani wana mkaja, kitambaa anachofungwa mama tumboni baada ya kujifungua. Heshima yake ilikuwa kubwa hata jina lake likapewa zawadi ya arusi: mkaja anaopewa mama mzazi wa bibi arusi. Siku hizi leso hufanya kazi hiyo, na hapa mjini utaipata Biashara Street, karibu na maduka ya nguo za watoto.

Lakini mkaja ni wa aliyekwisha kuzaa. Maumivu ya mjamzito yana mahali pake pengine.

Mifupa ya nyonga imeungana kama pete. Ina viungo 3: viwili nyuma, juu ya makalio, na kimoja mbele, kwenye kinena. Mwaka 1926, mwaka ule ule Hospitali ya Uzazi ya Pumwani ilipoanzishwa hapa Nairobi, Mmarekani Frederick Hisaw alionyesha kwa wanyama wa maabara kwamba damu ya mnyama mwenye mimba ina kitu kinacholegeza kiungo cha kinena. Baadaye kiliitwa relaksini. Kwa hiyo nyonga kulegea kidogo si ugonjwa. Mwili unamtengenezea mtoto njia. Maumivu makali, hata hivyo, yanahitaji msaada.

Mwaka 1992 watafiti wa Uholanzi walipima mikanda ya nyonga. Waliona kwamba mkanda hupunguza kuchezacheza kwa viungo vya nyuma, na kwamba kuukaza zaidi hakukuongeza faida. Mwaka 2008 wataalamu wa Ulaya walikadiria kuwa mjamzito 1 kati ya 5 hupata maumivu haya. Walishauri mkanda uvaliwe kwa muda mfupi mfupi, pamoja na mazoezi.

Basi mama, shika haya:

Funga kwenye mifupa ya nyonga, chini ya tumbo. Usifunge juu ya tumbo.

Usikaze mno. Ukiona ganzi, ukikosa pumzi au maumivu yakizidi, fungua.

Vaa unapotembea au kufanya kazi, vua unapolala.

Kaa unapovaa nguo. Ukigeuka kitandani, bana magoti pamoja.

Kama huna pesa ya mkanda, mwombe muuguzi wa kliniki akuonyeshe namna ya kufunga leso iliyokunjwa.

Lakini mkanda usifiche hatari. Nenda hospitali mara moja ukitokwa na damu au maji, ukiwa na homa, ukikojoa kwa uchungu, mguu mmoja ukivimba, ukishindwa kutembea, au maumivu yakija na kuachia kabla miezi haijatimia.

Siku ya kliniki usingoje kuulizwa. Sema, "Nyonga inaniuma," na uonyeshe kwa kidole mahali penyewe. Muuguzi akijua ni kiungo kipi, atajua pa kuanzia kukusaidia.

Jitunze, mama. Tukutane kipindi kijacho.