Kwa nini tuseme "pofiria"

Mkojo wa mgonjwa aliyebanwa na pofiria unaweza kutoka na rangi ya kawaida kabisa. Uache kwenye chupa mwangani saa kadhaa, utageuka mwekundu wa kukolea. Jina lenyewe ni la Kigiriki, la rangi ya zambarau iliyokuwa ikikamuliwa kwa konokono wa baharini.

Mfasiri atashawishika kusema "ugonjwa wa zambarau". Naona atapotosha. Mgonjwa wa pofiria ya ghafla hana uzambarau mwilini. Ana tumbo linalomkata mpaka hulia, na wapo waliopasuliwa wakidhaniwa wana kidole tumbo. "Ugonjwa wa damu" nao haufai, maana kipimo cha damu chaweza kutoka safi: katika aina hizo za ghafla hitilafu iko kwenye ini.

Kiini cha mambo ni hemu, ile sehemu ya himoglobini inayoshika madini ya chuma na kuipa damu wekundu wake. Mwili huiunda kwa hatua nane, kila hatua na kimeng'enya chake. Kimojawapo kikipungua kwa kasoro ya jeni, malighafi hurundikana njiani, na kati ya malighafi hizo zimo pofirini. Zikijaa kwenye ngozi, jua huzichokoza na mikono ikatoka malengelenge. Pofirini ni kemikali, pofiria ni maradhi. Ukitafsiri moja na kuacha nyingine, undugu huo unapotea.

Geoffrey Dean, daktari wa Port Elizabeth, alifuatilia koo za wazungu wa Afrika Kusini wenye pofiria akafika kwa Waholanzi wawili waliooana huko Rasi mwaka 1688, Gerrit Jansz na Ariaantje Jacobs. Wazao wao waliishi na jeni hiyo vizazi na vizazi, wengi bila taabu kubwa. Balaa liliingia na dawa za jamii ya babitureti, zikiwemo za nusu kaputi. Dawa hizo hulisukuma ini liharakishe kuunda hemu, mrundikano ukapanda, na baadhi yao wakapooza au kufa.

Kwa hiyo kwenye kadi ya mgonjwa ningeandika "pofiria", na chini yake: hitilafu ya kurithi katika uundaji wa hemu, usimpe dawa yoyote, hasa ya usingizi, kabla ya kukagua orodha ya dawa zilizo salama kwake.